Mlango wa Mke Mwenzangu

Mtaani kwetu wanawake wananionea kijicho kwa jambo moja tu: mume wangu hunifungulia mlango wa gari. Tukisimama mbele ya duka, yeye hushuka kwanza, huzunguka mbele ya pikapu huku akiigusa boneti kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe, huja upande wangu, hufungua, kisha husubiri nishuke. Mimi hukaa nimenyooka, mikono mapajani, nikimtazama kupitia kioo cha mbele mpaka afike. Mke wa kinyozi aliwahi kumwambia mumewe, mbele ya wateja, aige mfano huo. Kinyozi akaja kumlalamikia mume wangu kwamba anawaharibia wenzake nyumba.

Ukweli ni kwamba mlango ule haufunguki kwa ndani. Kishikio chake kilivunjika zamani, na mume wangu, ambaye ni seremala na haamini kwamba duniani kuna kitu kisichotengenezeka kwa ufundi wake, aling'oa vyuma vyote vya ndani na kufunga komeo la kabati la nguo. Ni komeo zuri la shaba, linang'aa. Ila kabati la nguo hufunguliwa na mtu aliye nje. Katika vipimo vyake vyote hakukumbuka kwamba ndani ya kabati hili angekaa mkewe.

Nilimwambia atie komeo jingine kwa ndani. Akasema wiki ijayo. Watoto wetu wamekua, wakaondoka nyumbani mmoja mmoja, na wiki ijayo bado haijafika.

Pikapu ile ndiye mke mwenzangu. Nimempa jina hilo mwenyewe, na mtaa mzima umelipokea. Mimi ndiye niliyetangulia kuolewa, lakini yeye ndiye anayepambwa. Dashibodi yake ilipopasuka kwa jua, alivikwa ubao uliopigwa randa na vanishi, wenye matundu mawili ya kukalishia vikombe. Kirungu cha gia kilipopotea, alichongewa kingine kinachojaa kiganjani kama yai. Kioo cha pembeni kilipovunjwa na pikipiki, mume wangu alikata kipande kilichobaki kwenye meza ya kujipambia, akakiwekea fremu yenye maua ya kuchonga. Tukisimama kwenye makutano, wanawake wapita njia huinama na kutengeneza vilemba vyao humo, na dereva aliye nyuma yetu hupiga honi bure.

Halafu kuna mambo ya nyuma. Sakafu ya bodi ameitandika mbao na zulia kuukuu ili fanicha zisichubuke. Kamba za kufungia mizigo amezikata kutoka tyubu za matairi, zinavutika na kushika vizuri, hilo nakubali. Lakini zile kingo za pembeni zilinipandisha presha. Siku alipozifunga nilizitazama, nikaona kama nazifahamu. Yalikuwa matendegu ya kitanda chetu cha kwanza. Nilipomwuliza, alisema kitanda kile kilikuwa kimekaa stoo tu, hakina kazi. Nikamwuliza kama na mimi nikikaa stoo nitafungwa kwenye pikapu. Akafikiri kidogo, maana yeye hufikiri kweli kila anapoulizwa, akasema mimi ni mfupi, sitatosha hata upande mmoja.

Na mimi nisijifanye sina mkono katika haya. Mimi ni mshonaji, na vifuniko vya viti nilivishona mwenyewe, kwa mabaki ya pazia la maua makubwa ya manjano. Watu husema sebule yetu inatembea. Kwa nje nilikuwa nanung'unika kwamba nashonea gari wakati gauni langu linasubiri, lakini mishono ya vile vifuniko niliipiga mara mbili mbili, na hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kupata bahati hiyo.

Basi mke mwenzangu akaja kumwangusha. Mume wangu alikuwa juu ya bodi, anakaza tendegu moja lililolegea. Alipomaliza akafanya anachofanya kila anapomaliza kabati au meza: akarudi nyuma hatua chache aitazame kazi yake. Karakanani kuna nafasi ya kufanya hivyo. Juu ya pikapu hakuna. Goti la kushoto likapinda vibaya, na nilipofika nilimkuta chini, uso umekunjamana kwa maumivu, bado analitazama lile tendegu kama limekaa sawa.

Binti yetu mkubwa ni muuguzi. Siku za kawaida hutania na kucheka kama baba yake, lakini akiwa na jambo zito hutusemesha kwa sauti ya wodini, taratibu, kama vile sote wawili tumetoka kuzinduka. Alikuja akatukalisha sebuleni, akatueleza maneno ya daktari. Goti litapona la kutembelea. Litampeleka baba karakanani na kumrudisha. Ila kukanyaga klachi, na hasa klachi ngumu ya pikapu ile, asahau. Kwa hiyo afadhali gari liuzwe wakati bado linatembea. Alikuwa amekwisha kumpata mfanyabiashara wa mboga ambaye angekuja Jumamosi kuliona.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uzeni," alisema.

Akaongeza kwamba kabati la yule mwalimu anayekaa kilimani limebakia vanishi tu. Likishapelekwa, atafunga karakana. Binti yetu alishtuka, akasema mbona magari ya kukodi yamejaa barabarani, lakini mimi nilijua tangu neno la kwanza kwamba halitawezekana. Mume wangu hakubali fanicha yake ichukuliwe na mtu asiyejua imeungwa wapi. Aliwahi kukubali zamani, meza ikafika kwa mwenyewe ikiwa na miguu mitatu, na wa nne umefungwa juu kwa kamba kama kuku. Tangu siku hiyo kila alichokitengeneza alikipeleka mwenyewe.

Mnaweza kudhani nilishangilia. Miaka yote hiyo nimemsema mke mwenzangu, leo anapewa talaka mbele yangu, ningetaka nini tena? Lakini roho iliniuma. Siku zilizofuata mume wangu alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mguu juu ya stuli, mikono haina kitu. Mikono ile sijawahi kuiona haina kitu. Hata mezani akisubiri chakula huwa anapima upana wa sahani kwa shibiri. Sasa ilikuwa imelala tu mapajani. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba gari likitoka uani, yeye naye atatoka nalo, nibaki na mtu wa kula na kulala.

Ndipo nikasema nitaendesha mimi.

Binti yetu alikuwa anamimina chai. Aliliweka birika chini kwanza. Mimi nikaenda chumbani nikarudi na leseni yangu ya udereva, ambayo niliipata kabla sijaolewa, nilipokuwa napeleka vitambaa kwa gari la duka. Tangu niolewe sijashika usukani, maana kila nilipoomba, mume wangu aliona gia zake zinauma. Lakini leseni sikuiacha ife. Kila muda wake ulipokwisha nilikwenda kuifufua, kwa ubishi tu. Binti yetu akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema kwa ile sauti ya wodini kwamba ni leseni nzuri sana.

Mume wangu hakucheka. Aliitazama miguu yangu. "Haifiki," alisema.

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Kiti cha dereva kilipolegea, zamani, alikitoa kwenye reli zake na kukikalisha juu ya kisanduku cha mbao, kwa kipimo chake mwenyewe. Na yeye ni mtu anayeinama kwenye kila mlango. Mimi nikikaa pale naona usukani na mawingu. Hata hivyo kesho yake nilichukua mito yote ya sebuleni, mmoja wa kukalia, miwili ya mgongoni, nikapanda. Mume wangu alijikongoja akaja kukaa mlangoni mwa karakana. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi, na mteja wake akamfuata amenyolewa upande mmoja.

Sasa, nieleweni. Tangu nimeolewa, miguu yangu imekanyaga kitu kimoja tu, cherehani. Kule unakanyaga kwa miguu yote miwili, vidole, kisigino, vidole, kisigino, na ukiacha kupokezana uzi unakatika. Niliwasha gari, nikatia gia, na miguu ikafanya inachokijua. Klachi chini, klachi juu, mafuta chini, mafuta juu, kwa mwendo mzuri kabisa wa kupiga pindo la shuka. Pikapu ikaruka kama chura. Mito ya mgongoni ikachomoka, nikazama, nikawa sioni hata hayo mawingu. Nilisikia mke wa kinyozi akiniita kwa jina la kuzaliwa, na nadhani hakuwa amelitamka tangu tujuane. Tulikwenda hivyo, mimi na mke mwenzangu, mpaka tulipoingia ndani ya rundo la maranda nyuma ya karakana na gari likazimika lenyewe.

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Niliposhuka nilikuwa na maranda hadi kwenye kilemba. Mume wangu tu ndiye hakucheka. Alikuwa bado anaitazama miguu yangu, kwa makini, na mimi nikaona ananihurumia. Ningeona afadhali acheke. Niliingia ndani nikamwambia binti yetu kwenye simu kwamba huyo mtu wa mboga na aje.

Siku iliyofuata nilitoka sokoni nikakuta cherehani yangu haiko mahali pake. Haikusogezwa sana, lakini mshonaji anajua mashine yake inapokaa kama anavyojua kitanda chake. Stuli nayo ilikuwa imegeuzwa. Nilipoinama nikaona kwenye mguu wake alama ya penseli, ile penseli nene ya seremala inayokaa nyuma ya sikio la mtu mmoja tu katika nyumba hii. Na kwenye kikanyagio kulikuwa na alama nyingine.

Nilimwuliza. Akasema alikuwa anafagia.

Mume wangu hajawahi kufagia. Nilikwenda jikoni damu inachemka, nikijua hakika kwamba baada ya gari anafikiria kuuza na cherehani, sote wawili tukae viti viwili tutazamane. Nilipika chakula cha jioni bila kumsemesha. Yeye alikula vizuri kuliko siku zote za wiki ile, na hilo nalo likanikera.

Ijumaa nikasikia msumeno. Nilidhani anamalizia kabati la mwalimu, nikamwacha, nikafurahi kimyakimya kwamba angalau mikono ina kazi. Baadaye nikasikia nyundo, kisha kimya, kisha akaniita. Hakuwa karakanani. Alikuwa amesimama kando ya pikapu, ameegemea fimbo yake, mlango wa dereva uko wazi.

"Kaa kama unashona," alisema.

Nikapanda. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele na kuinuliwa, kimekalia kisanduku kipya kilichopigwa msasa hadi pembeni ambako hakuna mtu angegusa. Mgongo wangu ulifika kwenye mgongo wa kiti. Nilishusha miguu nikijiandaa kupapasa hewa, nikakuta pedali zimenifuata. Kila moja ameivika kibao, kila kibao amekivika mpira wa tairi wenye mistari, na kuvifunga kwa bolti zilizopita hadi upande wa pili. Nilijua hapo hapo nimekaa wapi. Kimo kilikuwa cha stuli yangu. Umbali ulikuwa wa kikanyagio changu. Alikwenda kunipima kwenye cherehani, kwa sababu kunipima mwenyewe angelazimika kuniambia anataka nini, na mimi ningekataa kwa hasira.

Nilishika usukani ili nisilie. Yeye alizunguka polepole, kwa fimbo, akapanda upande wangu, upande wa abiria, ambao hajawahi kuukalia. Akaanza kunifundisha. Hakusema chochote cha magari. Alisema mguu wa kulia ushone mstari mmoja tu, mrefu, bila kukata. Na klachi, alisema, niiachie kama ninavyoingiza mkono wa gauni kwenye bega, pale ambapo kitambaa ni kirefu kuliko nafasi yake na lazima ukibembeleze kidogo kidogo. Sikujua kwamba aliwahi kunitazama nikifanya hivyo. Tulizunguka uani hadi giza lilipokaribia, na maranda hatukuyagusa tena.

Jumamosi asubuhi binti yetu alifika na mtu wa mboga. Alikuwa mtu wa heshima, mrefu, mwenye tumbo la kutosha. Akaisifu pikapu, akagonga matendegu, akakaa akijitazama kwenye kioo cha meza ya kujipambia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akataka kuijaribu. Alipoingia, tumbo lilifika kwenye usukani kabla yake, na magoti yakabaki nje, hayana pa kwenda. Alijaribu kuingia kwa mguu mmoja, akajaribu kwa kiuno. Mwishowe akauliza, bila ubaya wowote, kama gari hili lilikuwa la mtoto wa shule.

Binti yetu akamgeukia baba yake, akamwomba afungue skrubu akirudishe kiti kilipokuwa.

"Nimetia gundi," alisema mume wangu.

"Baba. Si ulijua mnunuzi anakuja leo?"

"Nilijua."

Alitazama pembeni, akisugua kidole gumba ambacho bado kilikuwa na utando wa gundi. Binti yetu alimtazama, kisha akaniangalia mimi. Sauti ya wodini ilijaribu kutoka, ikashindwa, akaanza kucheka kicheko kile kile cha baba yake, mpaka mtu wa mboga naye akacheka bila kujua sababu. Alipomaliza kupangusa macho alisema kwamba kabla hajamruhusu mtu huyu aende zake, anataka kumwona mama anakwenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, bila kuruka.

Nikaenda, nikarudi. Kinyozi alitoka nje tena, akarudi ndani amekata tamaa. Binti yetu akamsindikiza mtu wa mboga, akimwomba radhi.

Tukapakia kabati. Kinyozi na mteja wake walilinyanyua, mume wangu akalifunga kwa kamba za tyubu huku akilipapasa kila kona, kisha akapanda upande wa abiria, nami nikamfungia mlango. Njia ya kwa mwalimu inapanda, na katikati ya mlima kuna makutano ambapo lazima usimame. Nikasimama. Nyuma yangu lori. Nilipoinua mguu wa breki tulianza kurudi, kidogo, na kabati likagonga kingo. Kazi yake, ya mwisho au isiyo ya mwisho, ilikuwa nyuma yangu, na yote ilikuwa kwenye vidole vya mguu wangu wa kushoto.

"Mkono wa gauni," alisema, bila kunitazama.

Nikaubembeleza. Gari likatetemeka, likashika, likapanda.

Kwa mwalimu nilikuwa na furaha isiyonitosha mwilini. Nilizima gari, nikaruka chini, nikaenda moja kwa moja barazani kumwamkia mwalimu na kumweleza jinsi nilivyoupanda mlima wote ule, na mwalimu akaniitikia, akaniuliza fundi yuko wapi. Nikageuka.

Alikuwa ndani ya gari. Amekaa amenyooka, mikono mapajani, anatazama mbele. Hakuita, hakugonga kioo. Alikuwa anasubiri tu, kama ninavyosubiri mimi.

Nikarudi. Nilipita mbele ya pikapu, na sijui ilitoka wapi, lakini mkono wangu uliigusa boneti nilipokuwa napita. Nikafika upande wake, nikavuta lile komeo la shaba, nikasimama nikimshikia mlango mpaka aliposhusha goti lake vizuri na kuweka fimbo chini. Nyuma yangu nilimsikia mwalimu akimwambia dada yake kwamba tazama watu wanavyopendana.

Mume wangu hakushuka mara moja.

"Kumbe ukikaa humu unamwona mtu anavyokuja," alisema.

"Siku zote," nilimwambia.

Akafikiri, kama kawaida yake. Alilitazama komeo, akapitisha kidole ndani ya mlango, pale pasipo na kitu, akawa anapima kwa shibiri. Akasema wiki ijayo atatia jingine la ndani.

Nilimwambia hakuna haraka.